Mjadala wa mambo ya nje uanzie soko la samaki la Mwaloni, Kirumba

Wana Mwanza wenzangu, huku London mjadala wa mambo ya nje una saa yake. Chatham House, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1920 na yenye makao yake St James's Square, ikiita wataalamu saa saba mchana, saa nane watu wanachukua makoti yao hata kama hoja ndiyo kwanza imenoga. Nyumbani mjadala hauna saa. Unaanzia kwenye kahawa, unapanda daladala, unashukia sokoni, na jioni bado upo. Kwa hamu ya kuijua dunia, Mwanza haijapungukiwa na kitu. Tatizo ni kwamba tunajadili Washington na Moscow kwa kina, halafu mikataba ya Ziwa Victoria lililo mbele ya macho yetu tunaiachia watu wa mbali. Na hata tukiigusa, tunaigusa bila karatasi mkononi.

Ninaposema karatasi namaanisha maandishi yenyewe ya mkataba, yakiwa mezani.

Chukua Nile. Kauli inayosikika vijiweni ni kwamba tukiamua kufunga maji, Misri inakufa kwa kiu. Maji hayakubaliani nayo. Takriban asilimia 85 ya maji ya Nile yanayofika Aswan, Misri, hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Yanayotoka upande wetu kupitia Jinja, Uganda, hufika kwenye kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini, na karibu nusu yake huishia pale kwa jua. Ziwa lenyewe hupata sehemu kubwa ya maji yake kwa mvua inayonyesha juu yake, na hupoteza sehemu kubwa vilevile kwa mvuke. Tena lango la maji liko Jinja, kwenye mabwawa ya Uganda. Ndiyo maana maji yalipofunguliwa kuliko kipimo kilichokubaliwa, kati ya 2004 na 2006, huku ukame ukiwa umekaza, ufukwe wa Mwanza nao ulirudi nyuma. Mtu wa Igombe anayetaka kujua kwa nini mtumbwi wake umekaa kwenye tope, sehemu ya jibu lake iko Jinja.

Halafu kuna mkataba wa 1929. Wengi huuzungumzia kama kitabu kinene kilichotufunga mikono. Kwa kweli ni barua mbili zilizobadilishanwa Mei 7, 1929, kati ya Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, na mwakilishi wa Uingereza mjini Cairo, Lord Lloyd. Zilisema kwamba bila Misri kukubali, pasijengwe kitu kwenye mto wala kwenye maziwa unakotoka, katika maeneo yaliyo chini ya Waingereza, kitakachopunguza maji ya Misri. Sisi tulijibu mapema. Julai 4, 1962, serikali yetu iliwaandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika huru haifungwi na makubaliano hayo. Miongo kadhaa baadaye bomba likachukua maji ya ziwa pale Ihelele, wilayani Misungwi, likayapeleka Kahama na Shinyanga. Kila anayefungua bomba Kahama anatumia tunda la barua ile ya 1962, na ni haki yake kulijua hilo.

Mkataba unaotuhusu leo ni wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, uliofunguliwa kusainiwa Entebbe Mei 14, 2010. Tanzania ilisaini siku hiyohiyo na baadaye ikauridhia. Kusaini na kuridhia ni hatua mbili tofauti: waziri anasaini, bunge linaridhia, kisha hati inakabidhiwa Umoja wa Afrika. Hati ya sita ilipokabidhiwa na Sudan Kusini mwaka 2024, zikahesabiwa siku 60, na mkataba ukaanza kutumika Oktoba 13, 2024. Kenya wakati huo ilikuwa imesaini bila kuridhia. Misri na Sudan hazikusaini kabisa.

Zilikataa kwa ajili ya maneno machache ya kifungu cha 14(b). Nchi za juu ya mto zilitaka kisomeke kwamba nchi isiathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine yoyote ya bonde. Misri ilitaka kisomeke kwamba isiathiri vibaya usalama wa maji pamoja na matumizi na haki zilizopo sasa. Soma tena maneno ya mwisho. "Haki zilizopo sasa" yangerudisha mezani mgao wa mkataba wa 1959 kati ya Misri na Sudan, ambamo Misri ilijiwekea mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan bilioni 18.5, bila nchi nyingine kuitwa. Kwa hiyo kifungu kikawekwa kando kama kiambatisho, kitatuliwe na Kamisheni ya Bonde la Nile ndani ya miezi sita tangu iundwe. Ugomvi wote ule, watu wa Mwanza wangeweza kuuchambua asubuhi moja kama wangekuwa na ukurasa mmoja tu.

Ukurasa huo uwe wa Kiswahili, na hapo pana kazi. Kifungu cha 4 kinahusu namna ya kutumia maji, na neno lake kuu, "equitable" kwa Kiingereza, likifasiriwa harakaharaka huwa "sawa", watu wakaelewa kwamba maji yagawanywe mafungu yanayolingana. Maana yake ni haki kwa kadiri ya hali ya kila nchi: idadi ya watu wanaoyategemea maji hayo, hali ya hewa, matumizi yaliyopo, na kama kuna njia nyingine ya kupata maji. Kosa la neno moja linapindua mjadala mzima. Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha ya kazi Februari 2022. Tukitafsiri kifungu kimoja kimoja, tukibishana juu ya kila neno, tutakuwa tumeshaanza mjadala wenyewe.

Sasa namna wanavyoendesha mijadala huku London. Kwanza wanabana swali. Mada kama "Afrika na dunia" haifiki popote, swali kama "mkataba wa Nile ukishaanza kutumika, nchi iliyosaini bila kuridhia inadaiwa nini?" linafika. Kurasa mbili za maelezo zinatumwa siku kadhaa kabla. Wasemaji watatu, dakika nane hadi kumi kila mmoja, na mwongozaji anakata bila aibu. Nusu ya muda ni ya maswali, yanachukuliwa matatu matatu, na muulizaji anataja jina na anakofanya kazi, anauliza swali moja, anakaa.

Na kuna kanuni ya Chatham House, ya mwaka 1927, ambayo wengi nyumbani hudhani ni kanuni ya siri. Siyo siri. Inakuruhusu kuyatumia uliyoyasikia, kuyaandika hata kuyachapisha. Inachokukataza ni kusema nani aliyasema, anatoka ofisi gani, au nani mwingine alikuwemo. Mwanza inaihitaji kanuni hii kuliko London. Mfanyabiashara wa dagaa anayepita Sirari au Mutukula hataeleza hadharani kilichompata mpakani kama kesho jina lake litasomwa redioni. Mpe ulinzi huo, atakueleza pia kwamba mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 una cheti chake rahisi cha uasili, kinachothibitisha bidhaa imetoka wapi ili isitozwe ushuru, na kwamba wenzake wengi wanalipa wasichopaswa kulipa kwa kutokijua.

Huku nako kuna upungufu, na ni mkubwa. Utasikia ziwa likijadiliwa kwa asilimia na ramani, na mezani hakuna aliyewahi kunusa gunia la dagaa. Kuhusu Migingo, kisiwa kisichofikia hata ekari moja kinachogombewa na Kenya na Uganda, wataalamu watashika mstari wa mpaka na jiwe liko upande upi. Mvuvi atakwambia kisiwa ni pa kulala tu. Sangara wako kwenye maji ya kina, na maji hayo yako upande wa Uganda. Ukianza na samaki, utauelewa ugomvi. Vivyo hivyo mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu: taarifa za sumu zilitoka zaidi Uganda, lakini mlango ulifungwa kwa nchi zote tatu za ziwa, na mshahara wa mkata minofu wa Mwanza ukayumba kwa kosa la mwalo asioujua. Hiyo ndiyo sera ya nje, na ipo Kirumba kila alfajiri, pale wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wanapopanga magunia.

Kinachoua mikutano yetu nakijua, nawe unakijua: mgeni rasmi. Anachelewa, meza kuu inasubiriwa, kila msemaji anataja vyeo vya waliopo kabla ya kufika kwenye "itifaki imezingatiwa", hotuba inakula dakika arobaini, maswali yanabaki mawili, kisha watu wanapanga foleni ya posho. Ondoa mgeni rasmi. Ondoa bango. Ondoa posho, weka chai na maandazi. Chumba cha chuo Nyegezi au Malimbe kinatosha, watu 25 wasizidi 40, viti kwa mduara. Waitwe mwanasheria, mtafiti wa samaki, wakala wa forodha, mwenye mitumbwi na mama muuza dagaa, na huyu wa mwisho aanze kusema, maana akiachwa baada ya maprofesa atanyamaza. Atafutwe mwongozaji asiye na cheo kikubwa chumbani lakini asiyeogopa kukata.

Mwandishi mmoja aandike hoja bila majina, kurasa mbili zisizidi, na ndani ya siku tatu nakala moja iende kwa mbunge, moja kwa ofisi ya uvuvi, moja ibandikwe Mwaloni. Sisi tulio nje tunaweza kuchanga gharama ya kutafsiri na kuchapa. Swali la kikao cha kwanza liwe kifungu cha 14(b), na nakala zake za Kiswahili ziwe mikononi mwa watu Jumatano ili Jumamosi saa tatu asubuhi waje wakiwa wameshakisoma.