Mheshimiwa, ufunguo wa choo anao nani?

Jumamosi nilikuwa sokoni kwa shangazi yangu, muuza nazi na ndimu, akapita kijana wa tisheti ya kijani akigawa karatasi. Si karatasi za mchezo: nzito, zinang'aa, picha ya mwakilishi wadi wetu kachanua tabasamu, na chini yake vipaumbele vitatu kwa herufi kubwa. FAMILIA. JAMII. MLIPA KODI. Uchaguzi wetu Kenya ni Agosti 2027, ila wenzetu washaanza kunyoosha misuli. Shangazi alipokea yake kwa mikono miwili, akashukuru, kijana alipogeuka akampa jirani wa viazi vya karai apepee makaa.

Mimi nilicheka tu. Hasira zilikuja baadaye.

"Nishikie hapa, mwanangu, nikanywe chai," shangazi akaniambia. Chai? Tulikuwa tumetoka kunywa pamoja, chupa bado iko chini ya meza. Ndipo akanieleza. Choo cha soko kina kufuli. Kimejengwa, kimepakwa rangi, kikapigwa picha siku ya kufunguliwa, kisha kikafungwa, na ufunguo hakuna anayejua uko kwa nani. Basi wanawake wa soko huvuka barabara hadi mgahawani, wanaagiza chai ya shilingi 20 wasiyoitaka ili waruhusiwe kwenda msalani. Siku ya jua kali shangazi huvuka mara tatu. Anayeona haya kuacha chai mezani huinywa, na chai, mnajua wenyewe, humrudisha kule kule.

Sasa tuzungumzie mlipa kodi. Ukimsikiza mheshimiwa, mlipa kodi ni bwana fulani mwenye tai. Kwenye kaunti mlipa kodi ni shangazi. Kila asubuhi kabla hajauza nazi hata moja, huja askari wa kaunti kuchukua shilingi 50 za ada. Siku sita kwa wiki, hiyo ni 15,600 kwa mwaka. Risiti zote anazo, amezifunga kwa mpira ndani ya kopo la siagi. Siku hiyo niliinuka nikawahesabu wauzaji, nikachoka nilipofika 112. Hao 112 peke yao, kwa ada hiyo hiyo, ni zaidi ya milioni 1.7 kwa mwaka kutoka soko moja la mabati yanayovuja. Na kufuli halijafunguka.

Na hiyo 50 haikushuka kutoka mbinguni. Imo kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, na sheria hiyo hupitishwa na bunge la kaunti, yaani mheshimiwa wetu na wenzake. Makadirio ya bajeti huwafikia mwisho wa Aprili, wayapekue, waulize soko letu limetengewa nini. Ndiyo kazi tuliyomtuma. Katiba ya 2010 imewapa kutunga sheria na kuikagua serikali ya gavana. Haikutaja popote kubeba bahasha za pesa. Masoko, zahanati, chekechea, barabara za mitaani, takataka, yote yameorodheshwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba hiyo kuwa kazi ya kaunti. Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti 47 ziligawiwa shilingi bilioni 415. Mimi naomba ufunguo.

Familia, basi. Kwa mheshimiwa, familia ni basari, yaani msaada wa karo, na matanga. Basari, haya, nitakubali kwa shingo upande: iliwahi kumrudisha binamu yangu shuleni muhula mmoja, na mamake akalia kwa furaha. Lakini sekondari si mzigo wa kaunti. Mapema 2025 Msimamizi wa Bajeti, afisa anayeidhinisha kutolewa kwa fedha za umma, alipotaka kaunti ziache kutoa basari bila makubaliano na serikali kuu, zogo lililozuka ungedhani kazuia mvua. Je, zogo kama hilo mmelisikia kwa ajili ya chekechea ambayo watoto wanakaa sakafuni? Basari ina jina la mtoaji. Dawati la chekechea halimtaji mtu.

Matanga ndiyo yananimaliza. Mheshimiwa huja na msafara, hupewa kipaza sauti kabla ya wajomba wa marehemu, hutoa elfu kumi, tunapiga makofi. Hakuna anayemwuliza kuhusu mochari. Mochari na makaburi ni kazi ya kaunti pia, imo kwenye Jedwali lile lile! Familia zinachangishana kukomboa maiti, kisha anakuja mtu aliyepiga kura kwenye bajeti ya huduma hizo, anatuchangia, nasi tunamwita mkarimu.

Kuhusu jamii sina maneno mengi. Mkutano wa mwisho wa kushirikisha umma uliitishwa Jumanne saa nne asubuhi, ambayo ni siku kubwa ya soko.

Najua mtaniambia kosa ni letu pia, kwamba asiyechangia matanga hachaguliwi. Kweli. Nimeona mwakilishi msomi, mtu wa kuuliza maswali bungeni, akaangushwa kwa sababu "hashikiki". Lakini ukinizoesha bahasha miaka mitano usishangae nikikudai bahasha, na wala usiniandikie MLIPA KODI kwenye karatasi inayong'aa.

Karatasi ile ilikuwa na nambari ya simu. Nikapiga Jumapili jioni. Msaidizi alipokea, mpole kabisa, akaniuliza kwanza kama kura yangu iko wadi hiyo. Nikamwambia iko. Nikamweleza kuhusu choo, kufuli, wanawake na chai. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema ujumbe utafika. Kisha akaniomba, kwa heshima zote, tukipata msiba nimjulishe mapema ili mheshimiwa apange ratiba.