Miguu ya gari kuukuu: uifungue mwenyewe uani au umwachie fundi?

Toyota Corolla 110 zilianza kutoka kiwandani Japani mwaka 1995, kwa hiyo hata zile za mwisho mwisho zinazozunguka Dar es Salaam zimeshavuka miaka 20. Injini bado inawaka kwa ufunguo wa kwanza. Kinacholalamika ni miguu, yaani shokapu, springi, na mikono ya chuma inayoshika matairi. Unapita taratibu kwenye barabara ya vumbi, mbele kushoto panagonga. Unavuka tuta, gari linanesanesa kabla ya kutulia. Unakata kona, usukani unachelewa kuitika. Mwenye gari anabaki na maswali mawili: kuna faida gani kufufua miguu ya gari la umri huu, na kama ipo, kazi aifanye mwenyewe nyumbani au ampelekee fundi?

Swali la kwanza nalijibu haraka. Faida ipo, mradi bodi haijaoza. Gari lililoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, au lililokaa miaka mingi Tanga, Zanzibar au Mombasa likipigwa na upepo wa bahari, likaguliwe kwanza pale shokapu inapofungwa juu na pale mikono ya chini inaposhikwa. Ukigonga kwa bisibisi na chuma kikabanduka magamba, shokapu mpya hazitaokoa kitu. Chuma kikilia kigumu, gari linarudi katika hali yake.

Swali la pili ndilo gumu, na naona tunalijadili kwa hesabu ya kuazima. Video nyingi zinazofundisha kazi hii zinatoka Marekani na Uingereza, ambako malipo ya fundi kwa saa ni makubwa kiasi kwamba kazi inaweza kugharimu zaidi ya kifaa chenyewe. Kwa mtu wa huko, kujifungia shokapu ni kuokoa fedha nyingi kwa siku moja. Kwetu mambo yamegeuka: spea ndiyo inayomaliza mfuko, ufundi ni sehemu ndogo. Ukinunua jeki ya maana, stendi zake, kibana springi, seti ya soketi na spana ya kupimia nguvu, umeshatumia fedha ambazo zingewalipa mafundi kwa kazi kadhaa. Anayeingia uvunguni kwa ajili ya kubana matumizi atavunjika moyo mapema.

Hata hivyo mimi naifanya sehemu kubwa ya kazi hii uani kwangu, na sababu yangu ni namna kazi inavyofungwa.

Chukua bushi za mkono wa chini. Bushi ya kiwandani ni raba iliyogandishwa kati ya bomba mbili za chuma. Bomba la nje limekazwa ndani ya mkono, la ndani linabanwa na bolti kwenye fremu. Mkono unapopanda na kushuka, hakuna kinachozunguka kwenye bolti. Raba yenyewe ndiyo inayojisokota kidogo na kurudi. Sasa gari likiwa juu ya jeki, matairi yananing'inia na mikono imeshuka hadi mwisho. Fundi akikaza bolti katika hali hiyo, amemfundisha raba kwamba hapo chini ndipo pa kupumzikia. Gari likishuka na kubeba uzito wake, raba tayari imesokotwa, na itabaki hivyo mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila shimo linaongeza msokoto juu ya msokoto.

Niliwahi kubadilishiwa bushi hizo kwenye gereji moja. Hazikumaliza msimu wa mvua. Nilipozifungua, raba zote zilikuwa zimechanika kwa kuzunguka, upande uleule, na kwa muda mrefu nililaumu duka lililoniuzia. Duka halikuwa na kosa. Dawa yake ni ndogo mno: kaza bolti kwa mkono tu, shusha gari likanyage ardhi au inua mkono kwa jeki hadi kimo chake cha kawaida, kisha ndipo ukaze kwa nguvu inayotakiwa. Inaongeza kama nusu saa. Fundi mwenye magari manne yanayomsubiri na wenye magari wanaopiga simu kila dakika kumi hana hiyo nusu saa. Wewe Jumamosi unayo.

Shokapu nayo ina kisa kama hicho. Ule mhimili unaong'aa unaoingia na kutoka umesuguliwa laini kwa sababu unapita kwenye sili inayozuia mafuta. Nati ya juu ikigoma, mara nyingi utaona mhimili unashikwa kwa plaizi ya kung'ata ili usizunguke. Meno ya plaizi yanaacha mikwaruzo, mikwaruzo inaichana sili, na shokapu mpya inaanza kulia machozi ya mafuta kabla haijazoea gari. Halafu kuna vitu vidogo vinavyorukwa: buti la kuzuia vumbi, na ile raba ya kikomo inayozuia shokapu isigonge mwisho wake. Kwenye gari la miaka 20 raba hiyo mara nyingi imeshageuka unga. Bei yake si kitu ukilinganisha na shokapu, lakini usipoibadilisha unaiua shokapu mpya kwenye matuta. Mwenye gari anaikumbuka. Anayelipwa kwa kazi kuisha hana sababu ya kuikumbuka.

Hapo mtu anaweza kudhani nimeshaamua. Lakini upande wa pili una hoja ambazo sipendi kuona zinapuuzwa, na ya kwanza inahusu uhai.

Corolla hii ina springi iliyozunguka shokapu, mbele na nyuma. Kuitoa shokapu nzima pamoja na springi yake ni kufungua bolti tu. Kuzitenganisha ni jambo jingine. Springi hiyo inakaa imebanwa muda wote, na ili nati ya juu ifunguke salama lazima ibanwe zaidi. Nguvu iliyolala pale, ikiachiwa ghafla, inarusha kifuniko cha juu kwa kasi inayovunja taya. Kuna watu wanaofungua nati hiyo kwa kamba, kwa waya, au kwa mtu wa pili kukaa juu yake. Wakifanikiwa mara kumi wanaamini ni njia. Si njia. Kama huna kibana springi kizima, chenye kulabu zinazoshika pande zote mbili sawasawa, beba shokapu zako mpelekee fundi mwenye nacho, azitenganishe na kuziunganisha, urudi kufunga mwenyewe. Sioni aibu yoyote katika hilo, na ndivyo nifanyavyo.

Uvungu wenyewe ni hatari ya pili. Jeki inayokuja na gari ilitengenezwa kubadilishia tairi, na kuingia chini ya gari lililoshikwa nayo peke yake ni kucheza na roho. Tofali za saruji hubeba vizuri hadi dakika zinapopasuka, na hazitoi onyo. Ua wa mchanga, kama nyua nyingi za Dar, unameza mguu wa jeki taratibu usipotandika ubao mpana na mnene. Asiye na stendi za chuma na sakafu ngumu hana gereji nyumbani, hata awe na spana za aina zote.

Hoja ya tatu ni ya maarifa, na hapa fundi mzoefu anatushinda wengi wetu. Kugonga kwa mbele kunaweza kuwa linki ya stabilaiza (kijiti kinachoshika nondo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona), boljointi (kiungo cha duara kinachoshika tairi mwishoni mwa mkono), maunti ya juu ya shokapu (kishikio chake kwenye bodi), bushi, au hata kalipa ya breki, ile inayobana pedi, iliyolegea. Mwanafunzi wa video hubadilisha kimoja, akakosa, akabadilisha cha pili. Fundi anayejua anashika tairi gari likiwa juu, anatikisa juu na chini, kushoto na kulia, anatia nondo chini ya mkono na kuinua kidogo, kisha anakuambia. Kuna dalili ambazo hata mwenye gari anaweza kuzisoma: kelele kama ya vijiko ndani ya sufuria kwenye mashimo madogo, mwendo mdogo, mara nyingi ni linki; mkwaruzo au mlio wa springi kuruka unapokata usukani gari likiwa limesimama, tazama maunti ya juu. Ila boljointi usiikisie. Ikichomoka, tairi linalala ubavu na usukani haukusaidii tena. Kwa bahati, kwenye 110 boljointi imefungwa kwenye mkono kwa bolti na nati, hivyo inabadilika bila kununua mkono mzima wala kutafuta presi, mashine ya kukandamiza. Bushi za mkono ndizo zinazohitaji presi, na kuzitwanga kwa nyundo kunapinda tundu lake.

Katikati ya ubishi huu wote kuna suala la spea, ambalo kwangu lina uzito kuliko nani ameshika spana. Kariakoo utapewa chaguo tatu: mpya yenye jina, mpya isiyo na jina, na ya mtumba kutoka Japani. Wengi husema mtumba wa Japani ni bora kuliko mpya ya bandia. Nakubali kwa nusu. Kitu cha chuma kitupu, kama mkono au springi, kikiwa hakijapinda wala kuliwa na kutu, mtumba ni sawa kabisa. Kitu kinachotegemea raba au mafuta, yaani shokapu, bushi, boljointi, maunti, kimeshazeeka kwenye gari la mwenzako. Kuibonyeza shokapu ya mtumba kwa mkono dukani hakukuambii chochote kuhusu itakavyofanya kwenye kasi ya 80. Bushi za kuchongesha za nailoni nazo zina watetezi, kwa kuwa zinadumu. Kweli zinadumu, lakini ugumu wake unapeleka kila mtikisiko kwenye bodi, na bodi ndiyo tuliyosema tunataka kuitunza. Na shokapu zinunuliwe mbilimbili, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine mlegevu, gari halisimami sawa ukikanyaga breki kwenye barabara mbovu.

Nikipima yote, naona swali la nyumbani au gereji limekatwa vibaya. Sisi tuna nafasi ambayo mtu wa London hana kwa urahisi: fundi anakubali kuja nyumbani. Unanunua spea mwenyewe ukiwa umezikagua, unaandaa sakafu na stendi, unamwita fundi Jumapili ambapo hana foleni, unamlipa kwa siku badala ya kumlipa kwa kazi kuisha haraka. Yeye analeta kibana springi, uzoefu wa masikio na mikono yake. Wewe unaleta muda, raba za kikomo, na ombi la heshima: "Fundi, naomba bolti za bushi tuzikaze gari likiwa chini." Wachache hukasirika. Wengi wanajua kanuni hiyo tangu zamani, ila hakuna mteja aliyewahi kukubali kuilipia.

Aliye tayari kushika spana peke yake aanze na linki za stabilaiza, kisha shokapu nzima zikiwa zimeshaunganishwa, na asisahau kwamba bolti za chini za shokapu zikilegezwa pembe ya tairi inabadilika. Alaimenti, yaani kunyoosha pembe za matairi, ifanyike baada ya hapo, kwa mashine, ndani ya siku chache, la sivyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja. Nati za tairi kwenye gari hili zinakazwa kwa nguvu ya Nm (newton-mita) 103, kisha zipimwe tena baada ya mwendo wa siku moja au mbili.

Mbele kwangu kumeshamalizika na kumetulia. Nyuma kuna mikono myembamba mitatu kila upande, na bolti moja ya kulia imeshikana na bomba la bushi kwa kutu. Naipaka dizeli kila jioni tangu wiki iliyopita. Fundi amesema tusiichome moto mpaka bushi mpya ziwe mkononi, maana raba iliyopo itaungua, na nimekubaliana naye.