Kadi ya saa 10 Marekani: muda unapimwa, ujuzi je?

Mkongomani, Mtanzania au Mkenya anayetafuta kazi ya ujenzi Marekani huulizwa mapema: una kadi ya OSHA? Waliotoka Tanzania wasiichanganye na OSHA ya nyumbani, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Inayozungumzwa hapa ni idara ya usalama na afya kazini ya Wizara ya Kazi ya Marekani, na kadi yenyewe hutolewa kwa aliyehudhuria kozi ya saa 10, au ya saa 30 kwa wasimamizi. Hapo pana jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kadi hiyo si leseni wala cheti cha ufundi. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mtu yeyote kuwa nayo, na kadi haimwondolei mwajiri wajibu wake wa kumfundisha mfanyakazi hatari za kazi aliyompa.

Mpango huu ulianzishwa mwaka 1971 ukiwa wa hiari. Baadaye majimbo kadhaa, yakiwemo Massachusetts, Connecticut na Missouri, yaliifanya kadi kuwa sharti katika miradi ya umma. Nevada iliidai katika ujenzi kwa jumla. Jiji la New York lilivuka hapo kwa sheria namba 196 ya mwaka 2017: katika maeneo makubwa ya ujenzi, mfanyakazi awe na saa 40 za mafunzo na msimamizi saa 62. Kitu cha hiari kikawa tiketi ya kuingilia kazini, na tangu hapo masharti ya kozi na ya wakufunzi yamekuwa ya kuvutana. Wapo wanaosema yamebana mno, wapo wanaosema yangekazwa zaidi.

Tuanze na mkufunzi. Anayetaka kufundisha kozi ya ujenzi anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 5 katika usalama wa ujenzi. Shahada ya fani hiyo, au hadhi ya kitaaluma inayotambulika, inaweza kufidia miaka 2 kati ya hiyo. Kwanza anasoma kozi ya kanuni, namba 510, kisha kozi ya ukufunzi, namba 500, kwenye mojawapo ya vituo vya elimu vilivyopewa kazi hiyo na OSHA. Idhini yake hudumu miaka 4, na ili aendelee lazima asome kozi ya kuhuisha, namba 502. Hata hivyo haruhusiwi kujitangaza kuwa “amethibitishwa na OSHA”. Ameidhinishwa tu kufundisha, na tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa, maana idara haijawahi kusimama nyuma yake ikisema mkufunzi huyu ni bora.

Darasani napo kila kitu kina kipimo. Siku moja isizidi saa 7 na nusu za masomo, hivyo kozi ya saa 10 haiwezi kuisha chini ya siku 2, wala ya saa 30 chini ya siku 4. Wanafunzi wasizidi 40. Katika saa 10 za ujenzi, saa 6 ni za lazima: utangulizi saa 1, hatari nne kuu za ujenzi, yaani kuanguka kutoka juu, umeme, kugongwa na kubanwa, saa 4, vifaa vya kujikinga nusu saa, na hatari za kiafya nusu saa. Saa zinazobaki huchaguliwa kulingana na kazi za wanafunzi. Kadi imfikie mwanafunzi ndani ya siku 90, na mkufunzi atunze mahudhurio na orodha ya mada kwa miaka 5.

Wanaotetea ukali huu wana hoja nzito, na haikutoka hewani. Kozi inapofupishwa, kinachokatwa mara nyingi ni mazoezi na maswali, si slaidi. Mtu aliyekaa kitini saa 10 mfululizo hasikii chochote baada ya ile ya 7, hata kama macho yako wazi. Halafu kuna biashara ya kuuza kadi bila kufundisha. Februari 2024 ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan ilifungua mashtaka dhidi ya kampuni moja ya mafunzo, ikiituhumu kutoa kadi za usalama za New York kwa watu wapatao 20,000 bila kuwafundisha. Karatasi ya mahudhurio, ukomo wa saa na orodha ya wakufunzi waliosimamishwa, ambayo OSHA huitangaza hadharani, ndizo nyenzo za kumnasa mwizi wa namna hiyo. Kibarua naye anaweza kuzitumia: akiahidiwa kadi ya saa 10 kwa siku moja, ashike pesa yake na aondoke. Amwombe mkufunzi kadi yake ya idhini, atazame jina na tarehe ya mwisho.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Kampuni yenye mafundi 6 inawasimamisha wote siku 2, inalipa ada, na bado inabaki na deni la kuwafundisha kazi mahususi. Mkufunzi mzuri aliyechelewa kuhuisha idhini anaweza kujikuta anaanza tena njia nzima. Gharama hizo zingevumilika kama kipimo kingegusa kinachoua. Lakini masharti yanapima vinavyoonekana kwenye faili, yaani saa, sahihi na idadi ya watu. Hayadai mtihani wa vitendo.

Chukua mkanda wa usalama wa mwili mzima. Darasani mwanafunzi anaambiwa kwamba kwenye ujenzi kinga dhidi ya kuanguka inahitajika kuanzia futi 6, karibu mita 1.8, na kwamba sehemu ya kufungia ibebe pauni 5,000 kwa kila mtu. Ni kweli, na anaijibu vizuri akiulizwa. Kazini anafunga kamba ya mita 1.8 kwenye nguzo, sakafu ya chini ikiwa mita 3.7 kutoka sehemu aliyofungia. Hesabu ya nafasi anayohitaji ili asigonge sakafu inakwenda hivi: urefu wa kamba 1.8, kifyonza mshtuko cha kamba kinavyofunguka takriban 1.1, kimo kutoka pete ya mkanda iliyo mgongoni hadi nyayo 1.5, na nafasi ya tahadhari 0.9. Jumla ni mita 5.3. Amejifunga kwa utii wote, na bado atagonga sakafu. Hilo hujifunzwa pale pale chini ya nguzo, kwa futi ya kupimia, kabla ya kupanda. Saa 10 za darasa zikiongezwa kuwa 40 hazitampa, kama hakuna anayempimisha.

Udhaifu unaowagusa zaidi wasomaji wa Kiswahili uko kwenye lugha. Tangu waraka wa tarehe 28 Aprili 2010, msimamo wa OSHA uko wazi: mafunzo yatolewe kwa lugha na msamiati ambao mfanyakazi anauelewa. Mwajiri anayempa mtu maagizo ya kazi kwa lugha isiyo Kiingereza amfundishe pia kwa lugha hiyo, na asiyejua kusoma hatoshelezwi na kijitabu. Ila wakufunzi walioidhinishwa wanaofundisha kwa Kiswahili ni adimu, kwa hiyo huletwa mkalimani, na hesabu ya muda inageuka. Mkufunzi akisema sentensi na mkalimani akairudia, saa 1 ya somo inabeba nusu saa ya mafundisho. Muda usipoongezwa, mwanafunzi anatoka na kadi ya saa 10 na elimu ya saa 5. Mkalimani asiyejua ujenzi anazidisha tatizo, kwa sababu “kubanwa” na “kufukiwa na udongo wa mtaro” kwake ni kitu kimoja, ilhali kinga zake ni mbili tofauti.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka ukomo wa saa 7 na nusu ulegezwe au idhini ya mkufunzi irahisishwe. Kulegeza huko kutawanufaisha wauza kadi kabla ya kumfaa mkufunzi mwaminifu. Ninachoona kimekosewa ni majimbo na miji kuweka uzito wote kwenye kadi, na kuiacha pembeni karatasi nyingine iliyo kwenye sheria ya shirikisho tangu zamani. Kanuni ya OSHA namba 1926.503 inamtaka mwajiri wa ujenzi amfundishe kila mfanyakazi aliye kwenye hatari ya kuanguka, kwa mikono ya mtu mwenye sifa, kisha aandike jina la mfanyakazi, tarehe na sahihi ya aliyefundisha au ya mwajiri. Akionekana hajaelewa, au kifaa kikibadilika, afundishwe upya. Mkaguzi anayesimama langoni kuomba kadi aombe na karatasi hiyo, kisha amwite mfanyakazi mmoja aonyeshe, kwa lugha yake, atafunga kamba wapi na chini yake pana mita ngapi.