Elfu Yangu Imepotelea Witu

Ati dakika kumi. Konda akikwambia dakika kumi pale Witu muulize ni dakika za nani, maana anayetaka chai haijapoa honi ishalia, na anayetaka choo ndo kabisa. Tumetoka Malindi alfajiri na basi la kwenda Amu, yaani Lamu, Garsen tumepita, kila kizuizi shuka na kitambulisho, panda, shuka tena, na kibofu hakijui mambo ya usalama.

Basi nikateremka kwa heshima zangu, kanzu imenyooka, mtu anayekwenda harusini hakimbilii choo mbele za watu. Mlangoni bi mkubwa kajitanda leso, kikopo mbele. "Ishirini, babaangu." Mfukoni nina noti ya elfu peke yake, simu netiweki hakuna. "We ingia tu, chenji itatafutwa."

Natoka, noti ishaondoka na mjukuu. Mjukuu mwenyewe kijitoto, suruali kaishikilia kwa mkono mmoja. Namuona kwa mbali anaingia duka la kwanza, anatoka. Kwa muuza maembe, anatoka. Anasimama kutizama mbuzi. Mbuzi wa nini wewe! Honi ya kwanza. "Bi mkubwa, basi hilo." "Haliendi babaangu, dereva hajala." Dereva namuona yuko kwa usukani anachokonoa meno! Honi ya pili. Sasa hesabu mwenyewe, 980 yangu iko kichochoroni, mke wangu na masanduku wako ndani ya basi, na moja lazima nilikimbilie. Nikajikuta kanzu iko magotini nakwenda mbio huku na huku, "we mtoto! we mtoto!", abiria wote madirishani na kuna mmoja anarekodi, Mungu anamuona.

Akatokea, mia tisa na hamsini mkononi, biskuti mdomoni. Thelathini iko wapi? Bi mkubwa hata hakuinuka. "Huo ujira wa miguu, babaangu." Ujira wa miguu! Choo cha shilingi hamsini!

Na huu ndo mji uliokuwa na sultani wake, Ahmed Simba, usultani mzima! Mjerumani akaja kuulinda 1885, 1890 akamuachia Mwingereza, wenyewe hawakuulizwa, kumbe kuondoka na mali ya mtu pale hakukuanza na mjukuu. Lakini chenji ya elfu hakuna.

Mke wangu hakunisemesha mpaka Mokowe. Huko nako nahodha anasema boti ikijaa tu tunaondoka, tumekaliana mapajani yeye bado anaita watu, jaketi la kuokolea nililopewa halina hata kamba. Amu kufika, hamali keshabeba sanduku sijamuita, punda hapishi mtu. Nabisha hodi, naambiwa harusi imesogezwa mpaka Alhamisi, wageni wote walipigiwa simu. Mimi nani alinipigia? Sasa nalala kwa shemeji na shemeji anakoroma, na ukimgusa anaamka anataka kupiga soga.