Ukienda Portsmouth, lala mjini kati

Neno manowari nililipata kwa bibi yangu Unguja, kabla sijajua hata salamu ya Kiingereza. Kwa bibi, manowari zilikuwa zile meli tano za Waingereza zilizojipanga mbele ya Forodhani asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 na kulipiga mizinga jumba la Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani wa Zanzibar. Vita vyenyewe havikufika saa moja. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa palepale, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini miaka mingi baadaye. Bibi hakuyaona hayo, alihadithiwa na wazee wake, lakini alihadithia kama aliyekuwepo.

Ndiyo maana nilipopata siku mbili za mapumziko nilikwenda Portsmouth, kusini mwa Uingereza, mji ambao kwa karne nyingi umekuwa nyumba ya jeshi lao la majini. Karibu kila niliyemuuliza aliniambia nichukue hoteli ya Southsea, upande wa ufukweni, nifungue dirisha nione bahari. Sikukubali, na ningerudi leo nisingekubali pia. Bahari utaiona tu, maana sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya kisiwa. Ila mji wa manowari una watu wake: mafundi wa chelezo, yaani mahali pa kutengenezea meli, mabaharia wa zamu, wake waliongoja barua. Hao waliishi ndani, kwenye mitaa iliyobanana nyuma ya ukuta wa bandari. Ukilala ufukweni unakuwa mgeni wa upepo.

Hoteli yangu ilikuwa hatua chache kutoka stesheni ya treni, jirani na Guildhall, jumba la ukumbi wa mji. Chumba kidogo, shuka safi, birika la chai mezani. Usiku wa kwanza, Ijumaa, dirisha lilitazama barabara ya mabaa na sikulala hadi saa nane. Asubuhi nikamweleza binti wa mapokezi, akanihamishia ghorofa ya nne upande wa nyuma bila maneno mengi. Basi wewe omba chumba cha nyuma tangu unapoweka nafasi. Na kwenye kifungua kinywa, mama wa jikoni aliposikia kuwa sili nguruwe, alichukua kikaango kingine kikavu na kunikaangia mayai mbali na soseji zao. Nilimshukuru mara mbili. Mtu ukiwa ugenini, jambo kama hilo linakuingia moyoni kuliko kapeti nene.

Faida ya kulala mjini kati ni miguu. Nyuma ya Guildhall kuna Victoria Park, na humo, katikati ya miti, yamesimama mawe ya kumbukumbu ya mabaharia waliokufia mbali. Moja ni la meli ya Trident, iliyopoteza watu wake kwa homa ya manjano pwani ya Afrika Magharibi mwaka 1859. Nilisimama hapo muda mrefu. Bibi alinifundisha kuiogopa mizinga yao. Hakuna aliyeniambia kwamba vijana wao nao walikwisha kwa homa kwenye pwani zetu.

Ukiendelea na Queen Street unafika kwenye lango la chelezo. Mary Rose, meli ya vita iliyozama mwaka 1545 na kuibuliwa mwaka 1982, nitaipita haraka, ingawa inastahili nusu siku. Iliyonishika ni Victory, manowari ya mbao. Ilishushwa majini mwaka 1765, ikapigana vita vya Trafalgar dhidi ya Wafaransa na Wahispania mwaka 1805, na tangu 1922 imekaa kwenye chelezo kavu. Kuvu na wadudu wameila, na mafundi wanatoa ubao mmoja mmoja uliooza na kutia mpya. Guildhall nayo iliteketezwa kwa mabomu ya Wajerumani Januari 1941, ikajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 1959.

Hapo ndipo moyo uliponiuma. Beit al-Ajaib yetu, jumba la maajabu la Unguja, ilijengwa mwaka 1883. Iliistahimili ile mizinga ya 1896. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa amani, sehemu yake ikaporomoka na kuua watu wawili. Sioni sababu ya kuwaonea kijicho watu wa Portsmouth. Naona sababu ya sisi kujifunza kwao kwamba jengo la kale linataka fundi kila mwaka, siyo siku ya msiba tu.

Jioni nilitembea hadi Southsea, kwa sababu moja. Sayyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyeondoka kwa meli yake baada ya mapinduzi ya Januari 1964, aliishi Uingereza zaidi ya miaka hamsini, na makazi yake yalikuwa huku Southsea. Mwaka 2020 aliruhusiwa kuhamia Oman, na huko akafariki tarehe 30 Desemba 2024. Kwetu jina lake bado linagawa watu, hata ndani ya ukoo mmoja, nami sikwenda kuamua kesi hiyo. Nilitaka tu kupita mitaa aliyoipita, nyumba za matofali zilizoshikana, shakwe juu ya paa, na kule mwisho manowari za kijivu zikitoka bandarini. Mtu aliyezaliwa mbele ya bahari ya Unguja alizeeka akizitazama hizo.

Usiku, kwenye chumba changu cha nyuma, nilimpigia mama simu. Baada ya shikamoo akaniuliza bahari yao inanuka vipi.

"Mwani na mafuta ya meli, mama."

"Basi ni kama Malindi yetu ya Unguja, mwanangu," akasema.