Siku Mpira Wangu Uliponyooka

Mimi ni mchezaji gofu wa upande wa kulia. Sisemi kwamba natumia mkono wa kulia, ingawa hilo nalo ni kweli. Nasema kwamba mpira wangu, upigwe kwa fimbo yoyote na kwa nia yoyote njema, huondoka kwa heshima zote kuelekea mbele, kisha ukifika katikati ya safari hughairi na kupinda kwenda kulia. Sababu yake inafahamika. Uso wa fimbo yangu hufika kwenye mpira ukiwa umefunguka kuliko njia ambayo fimbo yenyewe inapita, kwa hiyo mpira huzunguka kwa mshazari, na vile vibonyeo vidogo vilivyoujaa mwilini, ambavyo mpira wa bingwa huvitumia kupaa mbali, wa kwangu huvitumia kutoroka. Nimeelezwa jambo hili na walimu, na makedi wanaotubebea fimbo, na hata na watu waliokuja uwanjani kuwasubiri ndugu zao tu. Nimelielewa vizuri kabisa. Mikono yangu ndiyo ambayo haijalielewa.

Kwa kuwa mpindo huo haukutibika, nimezoea kuishi nao. Shimo likiwa mbele yangu, mimi hulenga kushoto kwake, na kadiri fimbo inavyokuwa ndefu ndivyo ninavyozidi kugeuka, hata mtu asiyenijua akiniona nimesimama na dreva, ile fimbo ndefu kuliko zote, hudhani kwamba naenda kucheza shimo la jirani. Watu hucheka, lakini hesabu yangu hutoka: mpira huondoka kushoto, huzunguka, na kurudi katikati. Handikapu yangu, yaani mipigo ninayosamehewa ili niweze kushindana na wanaonizidi, ni 29, na kwa kuwa kanuni za dunia zinaruhusu hadi 54, najihesabu kuwa mtu wa tabaka la kati.

Naupenda mchezo huu kwa sababu ileile ambayo wenzangu huitaja wanapoulaani, nayo ni kwamba mpira umetulia. Katika soka unaweza kumlaumu aliyekupa pasi mbovu, beki aliyekuvuta jezi, au refa. Katika gofu mpira umekaa juu ya kijiti chake, hausukumwi na mtu, unakusubiri mpaka uwe tayari. Refa mara nyingi hayupo, na wewe mwenyewe ndiwe unayetakiwa kujitangazia adhabu. Isitoshe, handikapu humwezesha mtu wa aina yangu kushindana na mtu anayejua anachokifanya, na mara mojamoja kumshinda, jambo ambalo humuudhi kiasi cha kunifurahisha mimi wiki nzima.

Basi Jumamosi moja asubuhi tulifika kwenye shimo la mipigo 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa na mchezaji hodari kwa mipigo minne, ambalo upande wake wa kushoto, nyuma ya miti michache, ipo grini ya shimo jingine, ule uwanja wa nyasi fupi unaolizunguka tundu lenyewe. Nikajipanga kama ilivyo ada yangu, nikailenga grini hiyo ya jirani moja kwa moja, nikiwa na yakini kwamba ndiyo sehemu pekee ya uwanja ambayo mpira wangu haungeweza kufika.

Nikapiga. Kila mchezaji gofu anajua kwamba mpira ukikutana na kitovu cha fimbo mkono hausikii kitu, na mimi siku hiyo sikusikia kitu, nikadhani nimeukosa. Kisha mazoea yakanishika: nikageukia kulia na kupaza sauti ya kuwatahadharisha watu wa upande huo, ambao wote walijifunika vichwa kwa utiifu. Kedi akanigusa bega taratibu.

"Bosi," akasema, "haujapinda."

Ulikuwa umenyooka mno. Ulipita katikati ya miti bila kugusa jani, ukatua mbele ya grini ya watu, ukapanda juu yake ukibingirika kwa adabu. Hapo walikuwapo wazee wanne, na mmoja wao alikuwa ameinama juu ya mpira wake uliobakiza kama mita moja kufika shimoni. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, nao mpira ni milimita 43 hivi, kwa hiyo nafasi ilikuwapo ya kutosha. Lakini, kwa ushahidi wa wenzake, mzee huyo alikuwa ameshindwa kuitumia asubuhi nzima. Mpira wangu ukaugonga wa kwake, wa kwake ukatumbukia shimoni, na wangu ukasimama palepale ulipokuwa wake.

Nilipowafikia nilikuwa nahema. "Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule mwenye mpira, kwa upole ambao sikuutarajia. Alikuwa amekwisha kuutoa shimoni na sasa anautia mfukoni. "Hakuna tatizo lolote. Umeingia."

Wenzake hawakukubali. Sheria iko wazi: mpira uliotulia ukisogezwa na mpira wa mtu anayecheza shimo jingine, hurudishwa mahali pake, wala hakuna anayeadhibiwa. Mzee akasema kwamba riziki haikataliwi. Wakamwambia airudishe riziki hiyo chini. Hapo nikaulizwa mimi, mbele ya wote, mpira wa mzee ulikuwa wapi hasa, nami sikuwa na la kusema ila kuuonyesha wa kwangu kwa kidole. Wangu ukaondolewa, wake ukawekwa. Akapiga, ukapita pembeni na kusimama mbali kuliko mwanzo. Akapiga tena. Ya tatu sikuitazama, kwa heshima ya umri wake.

Ilibaki zamu yangu, na sheria haimruhusu mtu kupiga mpira kutoka kwenye grini isiyo ya shimo lake. Sharti auangushe nje ya grini, karibu na hapo, pasipo kulikaribia shimo lake zaidi, nalo halina adhabu. Nikawa nimesimama hatua chache tu kutoka kwa watu wanne wenye kila sababu ya kuniogopa. Mmoja akamuuliza kedi mpira wangu huelekea wapi.

"Kwa kawaida kulia," kedi akajibu kwa uaminifu. "Leo hatujui."

Wakajibanza wote nyuma yake. Nikalenga kushoto, nikapiga, mpira ukapinda kulia, ukaivuka miti na kuangukia mchangani kando ya grini yangu. Sijawahi kuufurahia mchanga kiasi kile.

Nilikuwa nimeanza kuondoka mzee aliponiita. Alitaka kujua Jumamosi ijayo nitafika kwenye shimo lile saa ngapi. Nikamwambia saa mbili na nusu, nikidhani anataka kunikwepa.

"Basi na sisi tuwe hapa saa mbili na nusu," akawaambia wenzake, nao watatu wakapinga kwa pamoja.