Kompyuta za Unguja, protoni za Geneva: nani anunue umeme?

Hoja ya vijana wanaosoma kompyuta hapa Unguja ni nyepesi kuieleza. Maabara za vyuo na skuli zina mashine zinazolala tangu jioni hadi asubuhi, na huko Geneva wamo wanafizikia wenye hesabu zisizokwisha. Kwa nini mashine zetu zisiwafanyie hesabu hizo usiku? Mimi naiunga mkono, ila si kwa usiku, na masharti yangu huenda yakawa mengi kuliko wanavyopenda.

Tuanze na hesabu zenyewe. CERN, kituo cha utafiti kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kina LHC, njia ya duara yenye mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi, ambamo protoni, chembe ndogo za ndani ya atomu, hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga kisha zikagonganishwa. Mwaka 2004, kituo kilipotimiza miaka 50, kilianzisha mradi wa LHC@home. Mtu popote alipo anapakua BOINC, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kompyuta yake ikikosa kazi, hupokea kipande cha hesabu, hukikokotoa na kurudisha jibu.

Kazi ya mwanzo ya mradi huo, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote, ilifanywa na programu ya SixTrack. Ndani ya LHC protoni hukata zaidi ya mizunguko 11,000 kwa sekunde, ikiongozwa na sumaku, na kubwa za kupindishia njia peke yake ni 1,232. Hakuna sumaku iliyokamilika. Kila moja ina kasoro yake ndogo. SixTrack ilizifuata kwa hesabu protoni chache kwa mizunguko hadi milioni moja ili kujua zipi zitabaki njiani na zipi zitapotea na kugonga ukuta. Mizunguko milioni ni kama dakika moja na nusu kwa protoni ya kweli, lakini kwa kompyuta ya kawaida ni saa kadhaa. Na kwa kuwa kila jaribio linajitegemea, mashine ya Wete haina haja ya kusubiri ya Lyon, Ufaransa.

Hapo pana jambo ambalo mwalimu wa hisabati angelifundishia wiki nzima. Kompyuta hukadiria tarakimu za mwisho, na aina mbili za prosesa, kile kifaa cha ndani kinachokokotoa, zinaweza kukadiria tofauti. Tofauti hiyo hata haionekani, lakini baada ya mizunguko laki kadhaa huweza kukua hadi protoni ile ile ikapona kwenye mashine moja na kupotea kwenye nyingine. Ndiyo maana wahandisi walilazimika kutumia maktaba maalumu ya hesabu, yaani mkusanyiko wa programu ndogo za kukokotolea, iliyotoka Lyon, ili mashine zote zitoe jibu lile lile hadi tarakimu ya mwisho. Tena kipande kimoja hutumwa kwa watu wawili au zaidi, majibu yakalinganishwa. Mashine iliyopata joto ikakosea hujulikana.

Sasa umeme. Unguja tunaupata kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Aliyekuwapo mwaka 2008, tulipokaa gizani karibu mwezi, au ile miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, haambiwi kwamba umeme ni kitu cha bure. Waya mpya wa megawati 100 ulipowashwa mwaka 2013 tulipumua, lakini Tukuza, mita ya kulipia kabla, bado inahesabu yuniti. Vijana wanasema mashine zinakaa bure usiku. Hazikai bure, zimezimwa! Tuchukue maabara yenye kompyuta 30, kila moja ikila wati 100 inapofanya kazi kwa nguvu. Zikiwashwa kwa saa kumi kila usiku ni yuniti 30, na kwa mwezi ni 900. Chuo kitamwambia nini mkaguzi wa hesabu?

Kuna na joto. Nchi za baridi, joto la kompyuta linasaidia kupasha chumba, kwa hiyo halipotei. Hapa, msimu wa kaskazi, joto hilo hilo linapaswa kutolewa nje na eisii. Tunalipa kulizalisha, halafu tunalipa kulifukuza. Na mashine zetu nyingi ni mitumba kutoka Ulaya: kwa kila yuniti ya umeme zinatoa majibu machache kuliko seva mpya. Kwa hesabu kavu ya manufaa ya dunia, ni bora kazi ikafanyiwa huko huko.

Wapo pia wanaosema wazungu wajilipie wenyewe. Hoja hii hainishtui. CERN ndiyo iliyobuni wavuti tunayoitumia sote, na mwaka 1993 ikaiachia dunia bila malipo. Wala si kwamba inatutegemea: mtandao wake wa vituo vya kompyuta una vituo takriban 170 katika nchi zaidi ya 40. Mashine 30 za chuo cha Tunguu hazitabadilisha fizikia. Zinaweza kumbadilisha mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeona kazi halisi ya kisayansi ikipita mbele yake, akauliza ile protoni ilipotea kwa nini.

Kwa ajili ya huyo, ningekubali yafuatayo. Programu ifanye kazi mchana tu, mashine zikiwa zimeshawashwa kwa masomo, maana anayeandika ripoti hutumia sehemu ndogo sana ya prosesa. BOINC inaruhusu kuweka saa na kiwango cha kutumia. Zichaguliwe kazi ndogo kama za SixTrack, si zile za ATLAS, moja ya majaribio makubwa ya LHC, zinazotaka kompyuta pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta) na kumbukumbu ya gigabaiti kadhaa, zikamaliza bando la chuo. Na ruhusa iwe ya maandishi. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, fundi wa chuo kimoja cha Georgia alifikishwa mahakamani kwa kuweka programu ya aina hii kwenye kompyuta za chuo bila idhini.

Usiku ningeukataa popote pale. Likizo ni suala jingine, hasa kwa skuli yenye paneli za jua, Unguja au Pemba, ambayo betri zake zimejaa kufikia saa tano asubuhi na hakuna darasa la kutumia ziada. Umeme huo usipotumika unapotea kweli, na hapo sina la kuwapinga vijana, ila mtu abaki wa kuangalia feni.